Sherehe ya Kuzaliwa ya Kusaka Hazina Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwanangu wa kwanza alipotimiza miaka 7 tulimfanyia sherehe uani, hapa hapa Tabata, tukaiita Safari ya Kilwa. Hatukukodi lile puto kubwa la kurukia wala mtu wa kupaka watoto rangi usoni. Tulikuwa na ramani, mafumbo, rundo la mchanga na sanduku moja. Tangu siku hiyo wazazi wenzangu hunisimamisha sokoni na getini kwa shule kuniuliza tulifanyaje. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu, nikiongezea niliyojifunza kwenye sherehe zilizofuata, za kwetu na za majirani.

Inatofautianaje na sherehe ya kawaida ya kuzaliwa?

Kwenye sherehe tulizozoea, watoto hukalishwa kwenye viti vya plastiki, muziki unalia, MC anaongea, keki inakatwa, picha zinapigwa, wanaondoka na mfuko wa pipi. Hapa watoto ndio wenye kazi. Wana mahali pa kutoka, mahali pa kufika, vikwazo njiani na kitu kilichofichwa mwisho wa safari. Kila kituo kina fumbo, na jibu la fumbo ndilo linalowapeleka kituo kinachofuata.

Nimewahi kuona ua uliopambwa kama pori kwa fedha nyingi, simba wa karatasi kila kona, halafu watoto wakaambiwa wasiguse. Mapambo yalikuwa mazuri kweli, ila safari haikuwepo. Ukiwa na fedha kidogo na muda kidogo, peleka vyote kwenye mafumbo kwanza. Mapambo yasubiri zamu yake.

Lazima iwe ya maharamia?

Hapana, na mimi sipendi iwe hivyo. Vitu vingi vya dukani ni vya fuvu na mifupa, watoto wanaishia kuchomana kwa visu vya plastiki. Pwani yetu ina safari zake za kweli. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati huo ukiwa mji tajiri kwa biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, na masultani wake walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yameorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu 1981. Mtoto anayesaka hazina ya Kilwa anasaka mahali ambapo siku moja unaweza kumpeleka kwa basi na boti akapaona kwa macho yake.

Kwa hiyo wetu walikuwa mabaharia na wafanyabiashara: kanga imefungwa kilemba, shati la baba limekunjwa mikono, basi. Kama mko Mombasa mna Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593. Kama mko Moshi au Arusha mna mlima. Chagua mahali ambapo mtoto wako ameshapasikia kwenye mazungumzo ya nyumbani.

Mtoto awe na umri gani?

Kuanzia miaka 4 inawezekana. Wa miaka 4 hadi 5 wape mafumbo ya picha: umechora ndoo, wanakimbilia ndoo. Vituo vinne vinawatosha, wakizidi hapo wanatawanyika. Wa 6 hadi 8 ndio wanaoipenda kuliko wote, maana wameanza kusoma na bado wanaamini. Kuanzia 9 waongezee ugumu: maandishi ya siri, hesabu, dira. Mara nyingi umri utachanganyika, kwa sababu huwezi kumwalika kaka ukamwacha mdogo wake. Hapo kila mkubwa apewe mdogo mmoja wa kushika mkono, na sheria iwe kwamba baharia hamwachi mwenzake. Wakubwa wanaupenda wajibu huo kuliko unavyodhani.

Niwaalike watoto wangapi? Na wale wa mtaani wasioalikwa?

Watoto 10 hadi 12 ni idadi nzuri: makundi mawili ya watano au sita. Wakizidi 15 utahitaji kundi la tatu na watu wazima zaidi.

Ila tuseme ukweli. Unaishi kwenye mtaa, muziki umesikika, na saa kumi utakuta vichwa vinane vimechungulia juu ya ukuta. Mwaka wa kwanza hilo lilinikuta sina jibu. Watoto wa nyumba ya nyuma walisimama getini wakiangalia wenzao wanakimbia, na mwanangu mwenyewe ndiye aliyekuja kunivuta gauni: "Mama, wao hawaingii jahazini?" Tukawaingiza. Tangu hapo ninapopanga kwa ajili ya watoto 12, kashata na juisi naandaa za watoto 20, na mafumbo yanabaki yale yale, kwa sababu kundi la sita likiwa la tisa mchezo hauharibiki. Kinachoharibika ni kumwona mtoto amesimama nje.

Tuanze saa ngapi?

Kadi iandike saa 9 alasiri, nawe jipange kwa saa 10 kasoro. Jua la saa nane Dar es Salaam si la kukimbiza watoto wa watu, na saa 12 na nusu giza linaingia. Safari yenyewe, kutoka fumbo la kwanza hadi sanduku, ichukue kati ya dakika 45 na saa moja. Usiivute zaidi.

Wapo watakaofika saa tisa kamili. Usiwaache wakae. Weka mkeka chini ya mti, karatasi na kalamu za rangi, kila anayefika ajiandikishe kwenye daftari la mabaharia na kuchora bendera ya kundi lake. Kazi hiyo ndogo inawaokoa wanaowahi, na wanaochelewa hawakosi kitu kikubwa.

Ramani ya zamani inatengenezwaje?

Pika chai ya rangi kali, iache ipoe, mimina kwenye sinia. Karatasi ya kawaida ikunjekunje hadi ilegee, ikunjue, ilaze ndani ya chai kwa dakika tano, kisha ianike juu ya ungo. Ikikauka inakuwa ya kahawia, ina mikunjo, inanuka majani ya chai. Chora baada ya kukauka, sio kabla, wino usivuje. Ukitaka kingo zilizoungua, mtu mzima azipitishe kwenye mshumaa juu ya beseni la maji.

Kwa wakubwa, sehemu moja ya ramani iandikwe kwa maji ya limau kwa kutumia kijiti chenye pamba. Yakikauka hayaonekani. Siku ya sherehe mtu mzima anapitisha pasi ya moto na maneno yanatokeza rangi ya kahawia mbele ya macho yao. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza meza nzima ilinyamaza.

Jambo moja la vipimo: ukiandika "hatua 20 kuelekea baharini", pima kwa hatua za mtoto. Mimi nilipima kwa zangu, na mabaharia wakasimama katikati ya uwanja wakichimba mahali pasipo na kitu. Na mwelekeo uwafundishe kwa jua. Alasiri jua liko magharibi, kwa hiyo ukilipa mgongo unatazama mashariki, ambako kwetu Dar ndiko bahari iliko.

Nayapata wapi mafumbo? Mimi si mtunzi.

Una urithi mzima wa vitendawili. Ndiyo maana nasema sherehe hii ni ya kwetu kabisa, haihitaji kunakiliwa popote. Anza na vile unavyovijua tangu utotoni. "Mzungu katoka Ulaya mkono kiunoni" ni kikombe: fumbo linalofuata liko kabatini ndani ya kikombe. "Nyumba yangu haina mlango" ni yai: trei la mayai jikoni.

Vingine tunga mwenyewe kwa kukitazama kitu kilichopo nyumbani kwako na kukipa sauti. Hivi ni vyangu, vitumie ukitaka:

Nabeba nguo za nyumba nzima, mwenyewe sijavaa hata moja. (Kamba ya kuanikia.)

Nina mdomo sina meno, rafiki yangu ananipiga tumboni. Kisamvu kikilainika tunapumzika wote wawili. (Kinu.)

Ukinifungua nawasha taa, ukinifunga nalala gizani na baridi yangu. (Friji.)

Nina mikono mingi sina kidole, saa saba mchana mnagombea kivuli changu. (Mwembe.)

Nakaa juu kuliko wote. Nikitoa machozi, mama anafua. (Tanki la maji. Fumbo libandikwe chini kwenye nguzo, mtoto asipande.)

Usisome fumbo kama tangazo. Mtegaji aite "Kitendawili!" na kundi zima lijibu "Tega!" kwa nguvu, kila kituo. Wakishindwa, fuata utaratibu wetu wa asili: mtegaji anadai mji. "Nipeni mji!" Wanashauriana, wanampa Bagamoyo, au Tanga, au Mwanza. Anafunga safari: "Nimekwenda Bagamoyo, nimekula samaki wa kupaka, nimelala, nimerudi na habari…" Hapo, badala ya kuwapa jibu kama ilivyo kwenye vitendawili vya kawaida, anawapa dokezo moja. Wakishindwa tena, wanatoa mji mwingine. Mara ya mwisho kundi moja lilitoa miji mitano kwenye fumbo moja kwa sababu tu walitaka kusikia mjomba wao amekula nini huko alikokwenda.

Makundi mawili yatagongana njiani. Na nani atashinda?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, maana ndipo sherehe nyingi za aina hii zinapoishia kwa kilio.

Kugongana kunazuilika kwa rangi na mpangilio. Kundi la Kaskazi lina karatasi za bluu, Kundi la Kusi nyekundu, na hakuna anayeruhusiwa kugusa rangi isiyo yake. Vituo ni vile vile sita, lakini Kaskazi wanaanza cha kwanza na Kusi wanaanza cha nne, kila kundi linazunguka hadi limalize vyote. Andika mzunguko wa kila kundi kwenye karatasi yako na uuhakiki mara mbili kwa kuutembea kwa miguu. Fumbo linaloelekeza kinuni lazima likae kituo kilicho kabla ya kinu katika mzunguko wa kundi hilo, na ni rahisi sana kulikosea hilo usiku ukiwa umechoka.

Kuhusu ushindi, kata ramani ya mwisho vipande viwili. Kila kundi likimaliza vituo vyake linapata nusu. Nusu moja peke yake haisomeki: ina njia haina alama, au ina alama haina pa kuanzia. Waliotangulia wanalazimika kuwasubiri wenzao, na wakisubiri dakika mbili wataanza wenyewe kuwasaidia, bila kuambiwa. Kisha wanaziunganisha chini kwenye mkeka, wote wameinama vichwa vimegusana, na wanakwenda kuchimba pamoja. Nimejaribu njia ya zawadi kwa kundi la kwanza na nimejaribu hii. Siwezi kurudi kwenye ile.

Nifiche mafumbo wakati gani?

Saa moja kabla. Wala si asubuhi, wala si jana yake. Sherehe ya pili niliyafungia kazi mapema, nikayaficha saa tatu asubuhi nikaenda kupika. Saa nne mama mkwe akaamka vizuri, akashika ufagio, akafagia ua wote kwa upendo kabisa, na fumbo la nne likaenda na majani hadi shimoni. Tuligundua watoto walipofika chini ya mwembe na kuukuta mtupu. Sasa natembea na nakala ya mafumbo yote mfukoni, na kila mtu wa nyumba hiyo, pamoja na anayenisaidia kazi, anajua yamekaa wapi. Nje yabandike kwa gundi ya karatasi au yabane kwa vibanio vya nguo, upepo wa alasiri hauna huruma.

Njiani wacheze michezo gani?

Michezo mitatu inatosha, baada ya kila vituo viwili.

Wa kwanza ni Kaskazi na Kusi, na ndio wanaoukumbuka. Nahodha akiita "Kaskazi!" upepo unatoka kaskazini, kwa hiyo wote wanakimbilia kusini. Akiita "Kusi!" wanageuka. Akiita "Shwari!" hakuna upepo, kila mtu anaganda alipo. Akiita "Tufani!" wanakaa chini wameshikana mikono. Kabla ya kuanza waambie kwa sentensi mbili kwamba majahazi ya kweli yalikwenda hivyo: kaskazi iliyaleta kutoka Arabuni miezi ya Desemba hadi Machi, na kusi iliyafuata ikayarudisha. Bila kujua upepo hufiki popote, na mtoto anayekimbia upande usio sahihi anaelewa hilo papo hapo.

Wa pili ni kuchota maji chomboni: ndoo mbili, vifuu vya nazi, kila baharia anachota kwenye ndoo ya huku anakimbia kumwaga ya kule. Watalowa, na wanapaswa kulowa.

Wa tatu ni usiku baharini. Kamba inafungwa kutoka nguzo hadi nguzo, mtoto amefunikwa macho kwa kitambaa, anaifuata kwa mkono mmoja huku wenzake wakimwongoza kwa sauti. Pita njia hiyo mwenyewe kwanza ukiwa umefumba macho.

Ukibaki na muda kuna kombolela, ambayo haihitaji maelezo.

Hazina iwe nini?

Bati la biskuti lililofungwa kamba ya katani linatosha kuwa sanduku. Ndani yake mwaka wa kwanza niliweka sarafu za chokoleti zilizofungwa karatasi ya dhahabu. Lilikaa mchangani saa moja na nusu. Walipolifungua ilikuwa uji.

Sasa napika kashata za nazi: nazi iliyokunwa, sukari, iliki, zikolee hadi ziachane na sufuria, unazimimina kwenye sinia lililopakwa mafuta na kuzikata kwa mdomo wa glasi ndogo ya kahawa kabla hazijaganda kabisa. Zinatoka duara. Ukizifunga kwa foili zinang'aa kuliko sarafu za dukani, na hazijali joto. Ongeza ubuyu, gololi, penseli, na kwa kila mtoto kitu kimoja cha safari: kioo kidogo, tochi, au kamba ya kufundishiwa kufunga fundo. Vyote viwe sawa kwa kila mmoja. Usichanganye zawadi kubwa na ndogo ndani ya sanduku moja.

Kwa kubebea, tumia bahasha za kaki au vikapu vidogo vya ukili. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, na kikapu mtoto anaendelea kukitumia.

Kuchimba wachimbe kwa vifuu na mikono. Jembe hapana. Kama mnajenga na kuna rundo la mchanga, umepata pwani ya bure, ila lichekeche lote jioni ya kuamkia siku hiyo. Kwenye letu nilitoa misumari minne na kipande cha chupa.

Chakula?

Kiwe cha kushika mkononi: sambusa, bagia, mishkaki iliyotolewa kwenye vijiti kwa wadogo, vipande vya tikiti na nanasi. Ukipenda pilau, kilo moja ya mchele inawatosha watoto kumi, na iliwe baada ya hazina. Kabla ya hapo wape maji na juisi ya ukwaju tu, mtoto aliyeshiba hakimbii.

Keki iwe ya mstatili ya kawaida. Kijiti cha mishkaki na pembetatu ya karatasi vinaifanya jahazi. Kulishana keki kwa picha na kila shangazi kunaweza kula nusu saa nzima. Tulikubaliana nyumbani mtoto amlishe bibi yake na wazazi, wengine wote wapewe sahani.

Vipi kumwagia mtoto maji?

Wengi wetu tunaona siku haijakamilika bila ndoo. Muulize mtoto mwenyewe siku moja kabla, faraghani, na akikataa iwe imekwisha, hata wajomba wakisisitiza. Akikubali, ifanyike kwenye mchezo wa vifuu ambapo kila mtu ameshalowa, sio kwa kushtukizwa mbele ya keki akiwa na nguo aliyoichagua kwa wiki mbili.

Mvua ikinyesha?

Kama siku yake iko kwenye masika, kati ya Machi na Mei, panga ya ndani tangu mwanzo. Ninayoipenda ni kupanda Kilimanjaro ndani ya nyumba kwa njia ya Marangu. Mlango wa mbele ni geti, sebule ni Mandara, korido ni Horombo, chumba cha watoto ni Kibo, na kitanda cha wazazi ni Uhuru, mita 5,895. Kila kituo kina fumbo, na kila kituo baridi inaongezeka, kwa hiyo kila kituo wanavaa kitu: soksi, kisha sweta, kisha kofia, kisha koti la baba. Anayekimbia anarudishwa kituo kimoja nyuma, maana mlimani waongoza wageni husema pole pole na wanajua kwa nini. Kileleni wanakuta theluji, yaani aiskrimu, wakiwa wamejifunika makoti na jasho linawatoka. Kwa kweli ningeifanya hata siku ya jua.

Tunaishi ghorofani, hatuna ua.

Njia hiyo ya mlima inakufaa. Ngazi za jengo usizitumie kwa mbio. Zungumza na jirani mmoja unayemwamini akubali kuwa bandari: watoto wanabisha hodi, wanamtegea kitendawili, naye anawapa fumbo linalofuata. Wenzetu walioko Muscat au London wakati wa baridi wanaweza kufanya hivyo hivyo, na bibi aliye Tanga akawa kituo kwa simu ya video. Watoto wanampigia, anawatega, wanampa mji.

Usalama?

Mtu mzima mmoja kwa kila watoto watano, na kazi yake iwe hiyo tu, asiwe ndiye pia mpiga picha au mpishi. Mmoja akae getini muda wote. Watoto wakiwa wamepandwa na mori wa kusaka hawaoni bodaboda.

Kisima, simtanki na madumu yafunikwe. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina kifupi sana, hata ya ndoo au beseni, kwa hiyo ndoo za mchezo zimwagwe mara mchezo unapoisha. Jiko la mkaa liwe upande mwingine wa nyumba, na pasi ya maandishi ya siri ichomolewe na kuondolewa kabisa. Karanga nzima na pipi ngumu wasipewe wa chini ya miaka 5, zinapalia. Maputo yakipasuka okota vipande papo hapo, maana mtoto akikiweka mdomoni kinaweza kuziba koo. Usifiche kitu kwenye rundo la kuni, matofali au nyasi ndefu. Watoto wataingiza mikono, na huko wanaishi nge na nyoka.

Unapowaalika, waulize wazazi kama mtoto ana mzio wa karanga, maziwa au mayai, andika na umpe anayegawa chakula. Na picha za watoto wa wenzako usizitume mitandaoni bila kuwauliza.

Kuna majirani wasiosherehekea siku ya kuzaliwa. Niwaalike watoto wao?

Zungumza na mzazi kabla ya kadi, sio baada. Baadhi ya Waislamu hawasherehekei, na Mashahidi wa Yehova hawasherehekei. Mimi humwambia mzazi wazi: kuna mchezo wa kusaka hazina kuanzia saa 10 hadi saa 11, keki na wimbo vinafuata baadaye. Wengine wamemruhusu mtoto acheze kisha wakamchukua, wengine wamekataa kwa upole, na tumeendelea kuombana chumvi.

Mtoto mwenye aibu, au anayetumia kiti cha magurudumu?

Mwenye aibu mpe kazi yenye kitu cha kushika: mbeba ramani. Hatakiwi kusema, lakini hakuna anayeweza kwenda bila yeye. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, pitisha kiti chake kwenye njia yote siku moja kabla, na vituo vyote, vya kila mtu, viwe mahali anapofika. Usimtengenezee kituo chake peke yake. Sanduku badala ya mchangani likae juu ya meza, ndani ya beseni kubwa la mchanga, wote wachimbe wakiwa usawa mmoja.

Inagharimu kiasi gani?

Keki na nyama ndivyo vinavyokula fedha, kama sherehe yoyote. Vya safari yenyewe ni majani ya chai, karatasi, limau, nazi, foili na kamba. Kinachohitajika kwa wingi ni jioni mbili za mzazi kukaa kuandika na kutembea njia.

Hazina imepatikana, keki imeliwa, na wazazi wengine hawajaja kuchukua watoto. Nifanye nini nao?

Hizo dakika mimi huzitunza kwa makusudi. Giza limeingia, hawaruhusiwi tena kukimbia, wanakaa mkekani na vikapu vyao. Nawaambia kwamba mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliyekuwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake, aliokota mchangani sarafu kuukuu, na kati yake tano zilikuwa za shaba za Kilwa. Kilwa hii hii. Nawaonyesha kwenye tufe la shuleni: Kilwa hapa, visiwa vile kule, na bahari yote ya Hindi katikati.

Kisha nawauliza zilifikaje huko, na kuwaambia kwamba hata wataalamu bado wanabishana. Kila mtoto ana jibu. Jahazi lilipotezwa na tufani. Kuna baharia alizishona kwenye kilemba. Alikuwepo mtoto, amejificha kwenye mashehena. Wanaendelea hivyo hadi honi ya kwanza inapolia getini, na anayeitwa anaondoka akiwa bado anaeleza.